Jani Mbele ya Kadhi: Miaka Mia Tano ya Kukataza

Mwishoni mwa mwezi wa Mei 2024, baada ya sala ya alasiri, walinijia vijana watatu wa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 23, Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Abdulswamad Nassir, alikuwa ametoa amri ya kupiga marufuku muguka: isiingizwe, isiuzwe wala isitumiwe katika kaunti nzima. Kaunti za Kilifi na Taita Taveta nazo zikachukua njia hiyo hiyo. Vijana wale walikuwa wakiandaa mkutano wa kuiunga mkono amri, na mkutano wa Pwani bila ya shairi ni kama harusi bila ya ngoma.

"Ami," akasema mkubwa wao, "twataka beti kumi tu za kuilaani muguka."

Wa pili akaitikia kwa kichwa. Wa tatu, mdogo wao, hakusema kitu. Nilipomtazama nikamwona shavu la kushoto limemfura, na pembeni mwa mdomo pana ukijani. Nikawaambia wanipe wiki moja.

Wiki hiyo sikuitunga hata mishororo miwili. Niliitumia kufungua vitabu, kwani swali walilonitwika halikuwa jipya. Watu wa bahari hii, kutoka Makka hadi Aden na kutoka Barawa hadi kwetu, wamekuwa wakilisimamisha jani mbele ya kadhi kwa zaidi ya miaka mia tano. Nilitaka kujua walihukumu nini, na hukumu zao ziliishia wapi.

Lakini yanipasa kwanza nikiri, ili msomaji asije akanidhania kuwa nazungumza kutoka juu ya minara. Nilikula miraa kwa miaka kumi na mmoja. Mchana nilikuwa karani, usiku nikifasiri mashairi ya Kiarabu. Na kwa kuwa sikupita chuo kikuu chochote, niliona kwamba saa za usiku ndizo chuo changu, na kitita cha miraa ndicho karo yake. Sikuachishwa na sheria, kwa sababu sheria haikunikataza. Niliachishwa na mke wangu. Mwaka mmoja, tangu mwanzo wa Shaabani mwaka wa kabla yake, alikuwa akiandika kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni bei ya kila kitita nilichokileta nyumbani. Hakusema neno. Usiku wa kuamkia Idi akaniita, akanionyesha jumla. Nilisimama pale nikiisoma mara mbili, kisha nikaenda kulala bila ya kula kitu.

Basi mimi ni shahidi wa pande zote mbili. Najua jani hili humpa mtu nini, na najua humchukulia nini.

Habari yenyewe huanzia kwenye kahawa, ambayo leo hakuna mzee wa Kiswahili atakayekubali kuwa iliwahi kuitwa haramu. Masufi wa Yemen waliinywa ili wapate kukesha katika dhikri, na kutoka kwao ikafika Makka. Mwaka 1511 mtu aliyekuwa msimamizi wa soko na maadili mjini humo, Khair Beg, aliwakuta watu wamekusanyika usiku karibu na msikiti wakinywa kitu kwa kupokezana. Akawaita wanachuoni, akawaleta na matabibu watoe ushahidi kwamba kinywaji kile chadhuru mwili. Kahawa ikaharimishwa, na mizigo yake ikachomwa moto. Zipo sababu zilizoelezwa: kwamba neno lenyewe, kahwa, zamani lilikuwa jina mojawapo la mvinyo, kwamba yalevya, kwamba yafanana na mambo ya walevi. Barua ilipofika Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, jawabu lilirudi likiwa na tofauti moja kubwa. Sultani alikataza mikusanyiko mibaya ya kahawa, wala hakukataza kahawa yenyewe.

Tofauti hiyo ina maana sana. Ndani ya kesi ile mlikuwa na maswali mawili yaliyofungwa katika kamba moja. La kwanza: kitu hiki humfanya nini mwenye kukitumia? La pili: ni nani hawa waliokaa pamoja usiku, na wanazungumza nini? La kwanza ni la tabibu na mwanachuoni. La pili ni la mtawala. Khair Beg alilijibu la pili kwa kujifanya analijibu la kwanza, na tangu siku hiyo nadhani watawala wengi wamekuwa wanafunzi wake.

Zamu ya miraa ikafuata katika karne hiyo hiyo. Wayemeni waliiita qat, na wanachuoni wao wakagawanyika: wapo walioiita haramu kama hashishi, na wapo walioitumia wenyewe wakisoma. Walipokuwa hawaelewani wakampelekea swali Ibn Hajar al-Haytami, Mshafii aliyekuwa akiishi Makka. Jina lake si geni kwa watu wa mwambao wetu. Kitabu chake cha Tuhfa ni miongoni mwa vitabu ambavyo masheikh wa Kishafii, hapa kwetu kama kwingineko, wamevitegemea kwa karne nyingi. Ibn Hajar aliandika risala nzima kuhusu qat. Alisikiliza sifa zake na lawama zake, akaona kuwa mashahidi wanapingana: huyu asema lampa nguvu, huyu asema lamwondolea usingizi na hamu ya chakula na kumharibu. Naye alifanya jambo ambalo ni nadra kwa mtu mwenye mamlaka ya fatwa. Hakuthubutu kulitamkia jani uharamu wa moja kwa moja, kwa kuwa ushahidi haukumtosheleza. Lakini akawaonya watu kwa mkazo wajiepushe nalo, kwa kuwa lina shaka, na mwenye kuepuka shaka huilinda dini yake.

Naomba msomaji alitazame hilo kwa makini. Kuonya ni kitu kimoja, na kuharimisha ni kitu kingine. Ibn Hajar aliliogopa jani, ila hakuiruhusu hofu yake ijivike joho la yakini. Katika mambo yote niliyoyasoma wiki ile, hili ndilo lililonikalia moyoni kuliko yote.

Si kila mtu aliyekuwa na subira kama hiyo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, huko Usomalini, tarika mbili zilikabiliana. Wafuasi wa Salihiya, wakiongozwa na Sayyid Muhammad Abdille Hassan, walikuwa wakali dhidi ya kutafuna qat. Wa Qadiriya, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeieneza tarika hiyo hadi Unguja, hawakuwa na ukali huo. Ugomvi wao mkubwa haukuwa juu ya jani. Ulikuwa juu ya tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa jaha ya mawalii, na juu ya uongozi. Lakini jani likaingizwa humo likawa alama: huyu ni wetu, yule ni wao. Silaha ya pande zote mbili ilikuwa mashairi. Mwaka 1909 Sheikh Uways akauawa na wafuasi wa Sayyid. Sisi tunaotunga tusisahau kwamba beti za kulaani huanza na kitu, zikamalizia kwa mtu.

Kisha wakaja Waingereza, nao hawakuwa na hoja ya dini, bali ya kazi na nidhamu. Katika miaka ya 1940 maofisa wa mkoa wa kaskazini mwa Kenya, chini ya Gerald Reece, waliona kuwa miraa yawamalizia Wasomali fedha na kuwalegeza, wakaipiga marufuku katika maeneo yao. Lakini Wameru wa milima ya Nyambene walikuwa wameipanda miti hiyo tangu enzi za mababu zao, na kwao kitita cha miraa ni heshima ya posa na ya wazee. Serikali moja ikajikuta ina jani moja lenye hukumu mbili: halali mlimani, haramu jangwani, na baina yao ni safari ya siku moja kwa lori. Haikuchukua muda kujulikana ni nani aliyenufaika na safari hiyo. Kila kizuizi cha barabarani kiliiongeza bei, na kila bei iliyoongezeka ilimpata mtu wa kuivumilia hatari.

Huko Aden mambo yalikuwa wazi zaidi. Qat iliingia kila siku kwa ndege kutoka Ethiopia, na fedha zikatoka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1957 serikali ya koloni ikaikataza. Watafunaji wakawa wanatoka nje ya mipaka ya koloni, ambako sheria ile haikufika, wakatafuna huko kisha wakarudi makwao. Mwaka 1958 marufuku ikaondolewa. Jani halikuwa limebadilika kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni hesabu ya serikali, iliyokuwa imepoteza ushuru bila ya kumwokoa mtu.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hayo yalikuwa makosa ya wageni, lakini wenyewe walipojitawala walijaribu vile vile. Yemen ya Kusini ilitunga sheria mwaka 1977 ya kuruhusu qat katika siku za mapumziko ya wiki na sikukuu tu, na Hadhramaut, ambako ndiko walikotoka mababu wa wengi wetu hapa Mombasa na Lamu, ikakatazwa kabisa. Yasemwa na wengi kwamba sheria ile ilikuwa na mafanikio yake. Nami sina sababu ya kuyakana: mtu aliyekatazwa siku tano na kuachiwa mbili hana haja kubwa ya kuwa mhalifu. Lakini mwaka 1990 Yemen mbili zilipoungana, sheria ikafa, na jani likaingia hata Hadhramaut. Somalia nayo, chini ya Siad Barre, iliikataza mwaka 1983. Dola yenyewe ikavunjika mwaka 1991, na katika vita vilivyofuata biashara ya miraa ikawa miongoni mwa zilizowalisha wababe wa vita.

Kisa cha Uingereza ni cha juzi, na ndicho kinachonifundisha zaidi. Kwa miaka mingi miraa ya Meru ilisafirishwa kwa ndege hadi London, ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, kwani nguvu yake hufifia baada ya siku mbili hivi. Ilikuwa halali, na ilitozwa kodi. Mwezi wa Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ile kuhusu dawa za kulevya lilisema kuwa ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kamati ya bunge ikasema maneno yaelekeayo huko huko. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alikwisha kuamua vinginevyo, na tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba Uholanzi imekwisha kuikataza, hivyo Uingereza ingegeuka bandari ya magendo ya Ulaya. Yaani mlango ulifungwa kwa kuwa jirani kaufunga wake.

Lakini nisiwadhulumu waliotaka marufuku ile. Miongoni mwao walikuwamo akina mama wa Kisomali waliokuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba waume zao wamehamia kwenye nyumba za kutafunia, na watoto wanalelewa na mzazi mmoja. Wataalamu walipima madhara ya moyo, ini na akili, wakaona ni madogo; hawakuwa na mizani ya kupimia kiti kitupu kwenye meza ya chakula. Mke wangu alikuwa nayo mizani hiyo, nyuma ya mlango wa jikoni.

Sasa turudi kisiwani kwetu. Muguka ni ya mti ule ule wa miraa, ila ni majani machanga matupu, yatokayo hasa Embu, na bei yake ni rahisi mno. Huo urahisi ndio uliowashtua wazazi: kijana asiyemudu kitita cha miraa humudu mfuko wa muguka. Amri ya Gavana ilipotoka, viongozi wa Embu wakapanda hadi kwa Rais. Rais William Ruto akatamka kuwa amri zile ni batili, kwa kuwa sheria ya mazao ya Kenya yatambua miraa na muguka kuwa zao, na kanuni zake zilipitishwa mwaka 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikazisimamisha. Haikupita hata wiki moja.

Watu wengi hapa walikasirika, nami pia. Lakini nilipoisoma Katiba ya 2010 hasira yangu ilibadilika sura. Katika Jedwali la Nne, kwenye orodha ya kazi walizopewa magavana, mna kilimo; na katika orodha hiyo hiyo, chini yake, mna udhibiti wa dawa za kulevya. Embu iliposema "hili ni zao letu," ilikuwa imesimama juu ya karatasi ile ile ambayo Mombasa ilisimama juu yake iliposema "hii ni sumu yetu." Karatasi haikueleza nini kifanyike zao la mmoja linapokuwa sumu ya mwengine. Swali hilo likaachiwa wenye nguvu, na nguvu ikajibu kwa lugha yake: mkulima wa Embu ana zao, ana mbunge, ana shilingi zinazohesabika. Mama wa Majengo au Kisauni ana nini? Ana mtoto asiyelala. Hilo halimo katika takwimu za mauzo ya nje.

Wala hatukujisaidia wenyewe kwa namna tulivyosema. Katika mikutano ya siku zile nilisikia muguka ikitajwa kwa pumzi moja na unga, kana kwamba ni ndugu mapacha. Watu wa mwambao tunaujua unga. Tumewazika vijana wetu kwa sababu yake. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 iliukataza kwa adhabu kali, na bado uliingia. Na mwaka 2015, pale Malindi na Mombasa zilipoanza kutoa methadoni kwa waathirika, ndipo wengi walipoona kwa mara ya kwanza mlango wa kutokea ambao si wa jela wala wa kaburi. Mwenye kuuita kila mwiba mkuki, siku ya mkuki hatasadikiwa. Kijana aliyeambiwa kuwa muguka ni unga, akaijaribu na asife, atakuja kuambiwa ukweli kuhusu unga na asiusadiki.

Je, nasema basi iachwe tu? Hasha. Historia niliyoipitia hainiambii kwamba kukataza ni upuuzi daima. Yaniambia mambo mawili tu. Kwanza, marufuku iliyotungwa na mtu mmoja na kuvunjwa na mwengine ndani ya wiki huwafundisha watoto kuwa sheria ni mchezo wa wakubwa. Pili, kipimo hudumu kuliko katazo: siku maalumu, saa maalumu, umri maalumu, masafa kutoka skuli na madrasa. Sultani wa Cairo aliliona hilo alipoiachia kahawa na kukataza maovu yaliyoizunguka. Kaunti yetu ingeweza kusema: asiuziwe mtoto, kisiwepo kibanda karibu na skuli, na ushuru wa magari yaletayo muguka ugharimie matibabu na kazi za vijana hapa hapa. Amri kama hiyo haipigiwi makofi mkutanini. Lakini ni vigumu kwa mkulima yeyote, au Rais yeyote, kusimama hadharani akatetea haki ya kumuuzia mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Na lipo swali ambalo hakuna kadhi, tabibu wala gavana aliyelijibu katika miaka yote hiyo: kijana huyu, saa tisa za mchana, kama hatafuni, atakuwa wapi? Mimi nilikuwa na vitabu vya kurudia. Yeye ana nini?

Wiki ilipokwisha vijana walirudi. Safari hii walikuwa wawili. Yule mdogo hakuja. Niliwaambia kuwa beti kumi za kulaani sikuziweza, bali ninao ubeti mmoja. Nikawasomea:

Jani halina lisani, kwa nini lashitakiwa?
Muulize wa njiani, kipi amepunguziwa?
Na mama yake nyumbani, chozi hajapanguziwa,
Marufuku ya kanuni, si dawa ya kuuguwa.

Mkubwa wao akanyamaza kitambo. "Ami," akasema, "huu hautafaa mkutanini." Nikamwambia ni kweli, hautafaa. Kisha nikamuuliza mwenzao yuko wapi. Wakatazamana.

"Yuko maskani," akasema wa pili.

Nikachukua kofia yangu, nikawaomba wanipeleke.